Kisiwa Kisicho na Mto

Jina la Moroni, mji mkuu wa Visiwa vya Komoro, lina tafsiri mbili. Wapo wanaosema maana yake ni "mtoni". Wapo wanaoshikilia kuwa ni "motoni". Kwa sikio la Mswahili tofauti ni ya irabu moja, lakini irabu hiyo imebeba historia nzima ya kisiwa cha Ngazija. Moto upo, tena wa kutosha: mji umekaa kwenye miguu ya Karthala, mlima wa mita 2,361 ambao umelipuka zaidi ya mara 20 tangu karne ya 19. Mto ndio haupo. Kisiwa kizima, chenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba elfu moja na wakazi wanaokaribia laki nne, hakina hata kijito kimoja kinachotiririka mwaka mzima.

Si kwamba mvua imekinyima. Miteremko ya magharibi ya Karthala hupata zaidi ya milimita 5,000 za mvua kwa mwaka, kiasi ambacho mkulima wa Dodoma angekisikia akadhani kimetiwa chumvi. Mvua hiyo inanyesha, inapiga mwamba mweusi, na inapotea. Lava changa imejaa vitundu na nyufa. Maji yanazama humo kama yaliyomwagwa kwenye chekecheke, yanateremka gizani mpaka usawa wa bahari, na kule yanakutana na chumvi.

Watu wa mbali wakisikia habari za kisiwa chenye volkano hufikiria moto. Wangazija wenyewe, kwa zaidi ya miaka elfu moja, wamehangaika zaidi na maji. Mahali pa kujenga, nani amiliki nyumba, meli zipi zitie nanga na zipi zipite, hata namna mlima unavyoua: mambo hayo yote yameamuliwa kwa kiasi kikubwa na mwamba usioshika maji.

Mlima unaojijenga

Visiwa vya Komoro ni vinne, vimejipanga kwenye mlango wa kaskazini wa Mfereji wa Msumbiji, kati ya bara la Afrika na Madagaska. Maore, kilicho mashariki, ndicho kizee: milima yake imelika, mvua imechonga mabonde, na matumbawe yamekizungushia ukuta mpana baharini. Nzwani na Mwali vina rika la kati, na vyote viwili vina mito. Ngazija, kilicho magharibi kabisa, ndicho kitinda mimba. Bado kinajengwa.

Kimejengwa na milima miwili. Kaskazini uko ule ambao Wafaransa waliuita La Grille, wenye mita elfu moja na kidogo, mkongwe, umetulia, umejaa vilima vidogo vya kreta kama vichuguu. Kusini ndiko aliko mwenye nyumba, Karthala. Huu si mlima wa kuchongoka kama Ol Doinyo Lengai. Ni mpana, umelala kama ngao iliyofunikwa chini, kwa sababu lava yake ni nyepesi na hukimbia mbali kabla ya kuganda. Kileleni pana bonde kubwa la kaldera, upana wake kilomita tatu hadi nne, na ndani yake kuna shimo linaloitwa Chahale, ambako milipuko mingi ya karne iliyopita ilianzia.

Tatizo ni kwamba lava haitoki kileleni peke yake. Mlima una mipasuko miwili mirefu, mmoja kuelekea kaskazini na mwingine kusini-mashariki, na popote kwenye mipasuko hiyo ardhi inaweza kufunguka. Ndiyo maana mtu akienda kwa gari kutoka Moroni hadi uwanja wa ndege wa Hahaya, huvuka uwanda mweusi wa lava baada ya mwingine. Mwingine tayari umeota miti na minazi. Mwingine bado uko mtupu, una makali ya kukata kiatu. Umri wa lava unasomeka kwa majani yaliyoota juu yake.

Karne ya 8 hadi ya 15: majahazi na choroko

Nani alifika kwanza? Simulizi za kisiwani zinaanza na majini wa Nabii Suleiman, na kito kilichodondoshwa na jini mmoja kikawasha moto wa Karthala. Wachimbuaji wa mambo ya kale wana simulizi yao, nayo inashangaza vilevile. Makazi ya kale zaidi yaliyochimbuliwa visiwani humo, ya karne ya 8 hadi ya 10, yana vyungu vinavyofanana na vya pwani ya Afrika Mashariki. Lakini mwaka 2016 watafiti walipochambua punje zilizoungua katika majivu ya majiko ya kale, walikuta mpunga na choroko kwa wingi, mazao ya Asia, wakati ambapo sehemu kubwa ya pwani ya bara ilikuwa ikila mtama na uwele. Mabaharia waliokuja kutoka upande wa Indonesia, wale waliochangia kuzaa taifa la Wamalagasi, walikuwa wamepita hapa na kuacha mbegu zao.

Lugha, hata hivyo, ilibaki ya Kibantu. Shingazija ni ndugu wa Kiswahili, wa tumbo moja na Kimijikenda na Kipokomo. Mtu wa Unguja akifika Moroni, asubuhi ya kwanza haelewi, jioni anaanza kuokota neno hapa na pale, na baada ya wiki chache anasikiliza mazungumzo. Uislamu ulikuja mapema kwa njia zilezile za upepo wa kaskazi na kusi. Tarikh ya Kilwa inaiweka Hinzuan, yaani Nzwani, miongoni mwa mahali waliposhukia watoto wa mfalme wa Shirazi. Katika Moroni, Msikiti wa Ijumaa wa kale ulio kando ya bandari unasemekana kuwa wa mwaka 1427.

Tukitazama ramani ya vijiji vya zamani tunaona mkono wa mlima. Miji mikubwa ya kale, Ikoni, Itsandra, Ntsujini, Moroni, Mitsamihuli, iko pwani au karibu nayo. Sababu moja ni biashara. Nyingine ni kwamba maji yaliyozama mlimani huchungulia tena ufukweni. Bahari inapokupwa, maji baridi yenye chumvichumvi hububujika kati ya mawe, na kwa karne nyingi wanawake waliteremka na mitungi wakati wa maji kupwa, wakateka haraka kabla bahari haijarudi. Ratiba ya jikoni ilifuata mwezi na bamvua.

Vijiji vya juu havikuwa na bahati hiyo. Huko waliishi kwa maji ya mvua na madafu, wakachimba na kujenga mabirika.

Birika

Birika la Ngazija linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndilo chombo kilichowezesha kisiwa kukaliwa. La siku hizi ni chumba cha saruji kilichojengwa kando ya nyumba, nusu ardhini, nusu juu, kimo cha mtu au zaidi. Paa la bati linakusanya mvua. Mlizamu unaipeleka kwenye tundu lililofunikwa kwa kitambaa au wavu kuzuia majani. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi haikusanywi. Inaachwa ioshe bati, imwagike chini, ikichukua vumbi na kinyesi cha ndege. Ya pili ndiyo inaruhusiwa kuingia. Juu ya birika pana mfuniko mdogo wa mraba. Hapo ndipo ndoo iliyofungwa kamba inashushwa, na mwenye nyumba hujua kwa urefu wa kamba iliyolowa amebakiwa na miezi mingapi.

Birika pia ni siasa ya nyumbani. Ngazija ni nchi ya Waislamu ambako ardhi ya ukoo na nyumba hupita kwa wanawake, kwa desturi inayoitwa manyahuli. Mama anarithisha binti. Mume ndiye anayehamia kwa mke. Familia ikipata fedha, humjengea binti nyumba tangu angali mdogo, ili siku ya ndoa kuu, ile sherehe ya ãda inayomtoa mwanamume kwenye ujana na kumpa sauti barazani, nyumba iwe tayari. Nyumba haihesabiki kuwa kamili bila kitu cha kuhifadhi maji. Kwa hiyo, katika kisiwa cha masultani na masharifu, paa na maji yanayotoka kwenye paa hilo ni mali ya wanawake.

Kaskazini mwa kisiwa, karibu na Bangwa Kuuni, kuna ziwa la chumvi ndani ya kreta ya zamani, rangi yake ikibadilika kati ya kijani na buluu. Simulizi ya wenyeji inasema palikuwa na kijiji. Akaja mzee mgeni, akaomba maji ya kunywa nyumba hadi nyumba, akanyimwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempa. Yeye akaonywa aondoke, na kijiji kikazama. Penye mito, simulizi ya namna hii ingemtaja mgeni aliyenyimwa chakula. Hapa dhambi kubwa ni kumnyima mtu maji.

1500 hadi 1830: meli zilizopita

Wareno walipoanza kupita Mfereji wa Msumbiji, na baada yao Waholanzi, Waingereza na Wafaransa, kila nahodha alitaka kitu kilekile baada ya miezi ya bahari: maji matamu na bandari salama. Ngazija haikuwa na chochote kati ya hivyo. Pwani yake ni ukuta wa lava unaoteremka moja kwa moja kilindini, na nanga haipati pa kushika.

Mwaka 1591 meli ya Kiingereza Edward Bonaventure, chini ya James Lancaster, ilisimama Ngazija ikitafuta maji. Mwanzoni mapokezi yalikuwa mema. Kisha mabaharia walioshuka pwani wakashambuliwa, na watu thelathini na ushei waliuawa huku wenzao wakitazama kutoka melini wasiweze kuwasaidia. Waliosalia walitweka tanga kuelekea Zanzibar. Habari kama hizo zilisambaa kati ya manahodha, na meli za Ulaya zikaizoea Nzwani, yenye vijito na ghuba. Utajiri wa kuuza maji, ng'ombe na matunda kwa meli zilizokuwa zikienda India ukaenda huko.

Ngazija ikabaki na upweke wake, na upweke huo una faida na hasara. Hakukuwa na mfalme mmoja. Kisiwa kiligawanyika katika falme ndogondogo, Bambao, Itsandra, Washili, Mbajini, Hambuu na nyingine, na mmoja kati ya watawala hao alipewa cheo cha ntibe, mkubwa wa wakubwa, heshima ambayo mara nyingi zaidi ilizusha vita kuliko ilivyovimaliza. Mitiririko mipana ya lava isiyolimika na isiyopitika kwa urahisi ilisaidia kuziweka nchi hizo mbalimbali.

Mwishoni mwa karne ya 18 hatari ilitokea upande mwingine. Makundi makubwa ya mitumbwi kutoka Madagaska yalianza kuvamia Komoro na pwani ya bara, yakiteka watu wa kuuza utumwani. Wangazija walizungushia miji yao kuta za mawe ya lava, na mabaki yake yanaonekana hadi leo Ntsujini na Itsandra. Ikoni ilikuwa na ngome ya asili: kilima cha kreta ya zamani kilichosimama juu ya bahari. Ni hapo ambapo, wavamizi walipouzidi mji mwanzoni mwa karne ya 19, wanawake walijitupa kutoka kwenye jabali hadi baharini kuliko kuchukuliwa. Watu wa Ikoni bado wanalionyesha jabali lenyewe, na wanapolionyesha hawapandishi sauti.

1884 hadi 1914: mtu wa mimea

Mwaka 1884 alifika Ngazija Mfaransa aliyekuwa akikusanya mimea na wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Paris. Jina lake Léon Humblot. Misitu ya Karthala ilimvutia, na si kwa maua yake tu. Sultani wa Bambao, Said Ali bin Said Omar, alikuwa ametoka kwenye vita vikali na mpinzani wake Msafumu wa Itsandra, na alihitaji msaada wa taifa kubwa. Novemba 1885 Said Ali alitia saini mkataba uliompa Humblot haki ya kuchagua na kutumia ardhi ya kisiwa kwa ahadi ya mgawo wa faida. Miezi miwili baadaye, Januari 1886, kisiwa kikawa chini ya ulinzi wa Ufaransa.

Ardhi ya Ngazija haikuwa ya sultani kuitoa. Ilikuwa ya vijiji na ya koo, na nyingi ilikuwa manyahuli ya akina mama. Lakini mkataba ukisomwa Paris ulionekana halali. Kampuni ya Humblot ilijitwalia zaidi ya nusu ya kisiwa, hasa miteremko yenye udongo mzuri na mvua nyingi. Vijiji vikabanwa kati ya mashamba ya kampuni na bahari, kwenye ardhi ya mawe. Mwaka 1889 Humblot mwenyewe akateuliwa kuwa mwakilishi wa serikali ya Ufaransa kisiwani, mfanyabiashara na mtawala ndani ya kofia moja. Watu wakamwita sultani mzungu. Said Ali, baada ya kugombana naye, alihamishwa kisiwani mwaka 1893, na alifia Madagaska mwaka 1916.

Hapo ndipo mlima ulipobadilishwa na binadamu kwa mara ya kwanza kwa kiwango kikubwa. Misitu ya Nyumbaju na kwingineko ilikatwa mbao. Vanila, karafuu, na baadaye ilangilangi, ua la manjano linalotoa mafuta ya marashi, vilipandwa. Kazi ya msitu wa ukungu ilikuwa kuyashika maji: matawi yenye kuvumwani yalinasa unyevu wa mawingu na kuuachia taratibu ardhini. Kila eka iliyofyekwa iliondoa sifongo hilo.

Karthala haukusubiri mikataba. Mwaka 1903 mlipuko ulitoa gesi iliyowakosesha pumzi na kuwaua watu 17, vifo vingi zaidi vinavyojulikana kusababishwa na mlima huu kwa tukio moja. Mwaka 1912 Ngazija ikaunganishwa rasmi na koloni la Ufaransa la Madagaska. Humblot alifariki mwaka 1914. Ndege mdogo wa msitu wa Karthala, asiyepatikana popote pengine duniani, bado anabeba jina lake katika vitabu vya sayansi: Humblotia.

Njia za kwenda ng'ambo

Ardhi finyu, maji haba na kodi vilisukuma watu kuondoka, ingawa safari zenyewe zilikuwa za kale kuliko ukoloni. Zanzibar ilikuwa na mtaa wa Wangazija tangu karne ya 19. Masultani wa Ngazija waliandikiana barua na Unguja kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi wa Zanzibar na mmoja wa wanazuoni wakubwa wa pwani nzima, alizaliwa Itsandra mwaka 1861. Sheikh Muhammad al-Maaruf wa Moroni aliisambaza twarika ya Shadhiliya, ambayo kutoka zawiya yake ilifika Zanzibar, Kilwa na Msumbiji. Kisiwa kilichokosa kitu cha kuuza kwa meli za Ulaya kilipeleka elimu.

Baadaye zikaja njia nyingine. Wengi walikwenda Mahajanga, Madagaska. Wengine wakawa mabaharia wa meli za Kifaransa na kulowea Marseille. Chama cha ukombozi wa Komoro, MOLINACO, kiliundwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 si Moroni bali Dar es Salaam, na wahamiaji. Wakati huohuo makao makuu ya koloni yalikuwa yakihamishwa kutoka Dzaoudzi, kule Maore, kuja Moroni, uamuzi uliowachukiza sana Wamaore. Ulichangia wao kukataa kuufuata uhuru uliotangazwa tarehe 6 Julai 1975.

Katikati ya pilikapilika hizo, bahari ya Ngazija iliwashangaza wanasayansi. Wavuvi wa ngalawa walikuwa wakimnasa mara mojamoja samaki mzito, mwenye mafuta na magamba magumu, wakamwita gombesa, wasimthamini sana mezani. Mwaka 1952 mmoja aliyevuliwa Nzwani alitambuliwa kuwa silikanti, wa jamii iliyodhaniwa kutoweka tangu enzi za dinosaria hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke alishuka kwa nyambizi ndogo nje ya pwani ya Ngazija na kumpiga picha za kwanza akiwa hai makwao. Makwao ni mapango ya lava. Ule ukuta mkali wa lava changa uliowanyima manahodha mahali pa nanga ndio uliompa gombesa nyumba, kina cha mita mia na zaidi chini ya ngalawa. Tangu mwaka 2003 samaki huyohuyo amevuliwa pia Tanzania, hasa Tanga.

Aprili 1977: Singani

Nchi changa ilikuwa na mwaka mmoja na nusu tu wakati misiba ilipoanza kupangana. Desemba 1976 machafuko ya Mahajanga yaliwaua Wakomoro zaidi ya elfu moja. Manusura wapatao elfu kumi na sita walirudishwa nyumbani, wengi kwa ndege za shirika la Sabena, na hadi leo waliorudi wanaitwa Wasabena. Kisiwa kilichozoea kutoa watu kikalazimika kupokea maelfu waliofika na nguo walizovaa, wengi wao wakiwa wamezaliwa Madagaska na hawana shamba wala birika.

Miezi minne baadaye mlima ukafunguka. Haikuwa kileleni. Matetemeko yaliwatoa watu wa kusini-magharibi nje ya nyumba zao, kisha mwanzoni mwa Aprili 1977 ardhi ikapasuka chini kabisa ya ubavu wa Karthala, karibu na kijiji cha Singani. Lava ikateremka ndani ya kijiji, ikazijaza nyumba na kuziangusha. Sehemu kubwa ya kijiji iliteketea, na jirani yake Hetsa ikaguswa. Hakuna aliyekufa, kwa sababu watu walisoma matetemeko na kuondoka mapema.

Kilichofuata kinaeleza kisiwa vizuri kuliko mlipuko wenyewe. Watu wa Singani walirudi. Hawakupewa nchi nyingine, na hata wangepewa, ardhi ya manyahuli haihamishiki: iko pale mama alipoiacha, iwe juu yake kuna migomba au mita kadhaa za jabali. Wakajenga upya juu ya lava ile, na leo barabara ya kusini inapita katikati ya mawe meusi ambamo kuta za zamani zimezama, na nyumba mpya zenye mabirika yake zimesimama pembeni.

Baada ya Singani, suala la kuusikiliza mlima kwa vyombo lilichukua miaka kumi na moja. Kituo cha kuchunguza Karthala kilianzishwa mwaka 1988 chini ya CNDRS, taasisi ya taifa ya nyaraka na utafiti iliyoko Moroni, kwa ushirikiano na wataalamu wa Réunion na Paris. Julai 1991 Chahale ulilipuka kwa nguvu ya mvuke na kuacha ziwa ndani ya kreta. Likawa moja ya maeneo machache ya Ngazija yenye maji ya wazi, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuyateka.

2005: majivu ndani ya ndoo

Tarehe 16 Aprili 2005 vyombo vya CNDRS vilionyesha matetemeko yakiongezeka, na usiku huo mlima ulilipuka. Ziwa la Chahale lilitoweka. Watu wapatao 10,000 walivikimbia vijiji vya mashariki, ambako majivu yalinyesha mfululizo. Ilipofika Novemba 24 ukalipuka tena, vibaya zaidi, na safari hii majivu yakaufikia mji mkuu. Moroni kulikuwa giza mchana. Watu walitembea na vitambaa puani.

Hakuna lava iliyoteremka kuchoma kijiji. Mtu wa mbali angesema kisiwa kimenusurika. Lakini majivu yalitua kwenye kila paa, na kila paa la Ngazija ni chanzo cha maji. Mvua ilipokuja ilisukuma tope la kijivu kwenye mlizamu na kuliingiza birikani. Aliyeshusha ndoo asubuhi aliipandisha ikiwa na uji mweusi. Kazi ikawa moja katika vijiji vingi kwa wakati mmoja: kuyamwaga maji yaliyokusanywa kwa miezi, kuingia ndani, kukwangua sakafu, kuosha kuta, na kungoja mvua nyingine. Maji yalipelekwa kwa magari. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa walioathirika na uhaba wa maji walikuwa takriban robo milioni, sehemu kubwa ya wakazi wote wa kisiwa.

Mei 2006 anga ya usiku iligeuka nyekundu juu ya Moroni: ziwa la lava lilikuwa limeijaza kreta ya Chahale. Januari 2007 ukafuata mlipuko mdogo. Kisha mlima ukanyamaza. Mwaka 2018 matetemeko yalipoanza tena Komoro, hayakuwa Ngazija. Volkano mpya ilikuwa ikizaliwa chini ya bahari kilomita 50 mashariki ya Maore, kile kisiwa kizee kilichodhaniwa kupoa.

2012: mto unafika Vuvuni

Majivu ya 2005 hayakuondoka yote na ufagio. Huko juu yalilala mlimani kwa tabaka, laini kama unga, na yalipolowa na kukauka yaliziba vile vitundu vya mwamba ambavyo tangu zamani vilikuwa vikiyameza maji. Miaka iliyofuata, mvua kubwa ziliposhuka, watu wa miteremko walianza kuona kitu ambacho babu zao hawakukizoea: maji yanayotembea juu ya ardhi, yakibeba mchanga na mawe. Misitu iliyofyekwa tangu siku za Humblot, na iliyoendelea kufyekwa kwa mashamba na kuni, haikuwepo kuyapunguzia kasi.

Mwishoni mwa Aprili 2012 mvua ilinyesha siku kadhaa bila kukata. Maji ya Karthala, yasiyopata pa kuzama, yalijikusanya mabondeni na kuteremka kwa tope hadi Vuvuni, mji wa Bambao ulio kusini mwa Moroni. Nyumba zilijaa mpaka madirishani. Visima vinavyoilisha Moroni viko Vuvuni, vikichota yale maji yaliyozama mlimani kabla hayajaifikia bahari. Mafuriko yaliifunika mitambo ya kuyasukuma, na mabomba ya mji mkuu yakakauka.

Kwa siku hizo Moroni ilikuwa na mto, na haikuwa na maji ya kunywa. Katika mitaa ya Vuvuni wanaume walisimama na sepetu wakilitoa tope vyumbani, na mjini, wanawake wenye nyumba zilizobakiza birika la zamani walifungua mifuniko, wakashusha ndoo, na majirani wakapanga foleni na madumu yao.